Nilivyomnenepesha Baba kwa Makaa

Baba alikuwa na namna yake ya kukaa kwenye kiti, na sijaona mtu mwingine akikaa hivyo. Hakuegemea. Alikaa ukingoni, magoti pamoja, viganja juu ya magoti, kama mtu aliyeitwa ofisini na bado hajaambiwa ameitiwa nini. Miaka yote aliyofanya kazi ya ukarani wa stoo bandarini Kisumu alikaa hivyo. Alipostaafu akarudi Asembo Bay, alikaa hivyo mbele ya nyumba yake. Na Januari ile alipoletwa kwangu Manyatta ili awe karibu na hospitali, alikaa vivyo hivyo kwenye kiti changu cha plastiki, chumba cha mbele, akiutazama mlango.

Mimi ni mchoraji. Nikijitambulisha hivyo watu hutabasamu, halafu huniuliza, "Sawa, na kazi?" Kazi yangu, ile inayoleta unga nyumbani, ni picha za marehemu. Familia huniletea kipicha cha kitambulisho, nami nakikuza kwa rangi mpaka kiwe cha kusimamishwa kando ya jeneza. Nanyoosha tai. Naondoa makunyanzi. Nampa marehemu meno ambayo hakuwa nayo. Hakuna familia iliyowahi kulalamika kwamba mtu wao ametoka mzuri kupita kiasi. Kwa hiyo ijulikane mapema kuwa mkono wangu ulishazoea kudanganya kabla Baba hajaugua.

Mwisho wa mwaka uliotangulia, mama mmoja wa Milimani, wakili, alikuwa amenipa kazi ya aina nyingine. Alitaka picha kubwa ya mzee ameketi, ya ukuta wa sebule yake. "Lakini usinichoree kalenda," aliniambia. "Sitaki mzee wa kiko na tabasamu. Nataka mtu. Chora unavyoona wewe, na usijiharakishe." Nilitoka kwake nikiwa kama nimelewa. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimengoja mtu aniambie nichore ninavyoona mimi, na sasa ameniambia mwanamke ambaye geti lake tu ni kubwa kuliko nyumba ninayopanga.

Daktari alituita koridoni, mimi na dada yangu. Dada ni nesi katika hospitali nyingine, kwa hiyo walizungumza kwa lugha ya kazi yao, nami nikaokota nilichoweza. Ilikuwa saratani ya koo, kwenye njia ya chakula, na ilikuwa imeshuka mbali. Kukata hakuwezekani tena. Wangempa dawa za kupunguza maumivu, na baadaye labda mpira wa kumlishia. Nikauliza ana muda gani. Daktari akasema miezi, na aliposema alimtazama dada yangu, hakunitazama mimi.

Pale pale koridoni dada alinishika shati.

"Hatumwambii," alisema. "Tunasema ni vidonda. Mimi nimeona wengi. Ukimwambia mzee kitu kama hii, anageukia ukuta, wiki mbili ameenda. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Ningependa kuandika hapa kwamba nilibisha, kwamba nilitetea haki ya mtu kujua yanayomkuta mwilini. Sikubisha. Nilihisi nafuu, kusema kweli, kwamba kuna mtu mwingine ameamua.

Sasa inanibidi nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo kosa letu halieleweki. Kwetu Wajaluo, kijana akikomaa hujenga nyumba yake ndogo ndani ya boma la baba yake. Inaitwa simba. Lakini haishi humo maisha yake yote. Siku moja lazima atoke akaanzishe dala, yaani boma lake mwenyewe, kwenye kiwanja chake. Na haendi tu na fundi na mabati. Baba yake ndiye humtoa. Alfajiri wanatembea kutoka boma la zamani hadi kiwanja kipya, baba ametangulia, wana jogoo, shoka na moto. Baba anachimba shimo la nguzo ya kwanza, na kabla ya jua kutua nyumba ndogo imesimama. Kifungua mimba ndiye huanza, wadogo wake wanamngoja. Baba akishafariki, ndugu yake anaweza kushika nafasi yake. Lakini kwa wazee wa ukoo wetu, maadamu baba anapumua ni yeye tu, na ni kwa miguu yake.

Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mke, watoto wawili katika shule za bweni, na simba yangu huko Asembo ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanaingia kupitia ukutani. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Wadogo zangu wawili, mmoja Nakuru na mwingine Eldoret, mabati yao yalikuwa yamelala kwa Baba siku nyingi yakiota kutu, yakimsubiri kaka yao msanii apate akili. Kila kitu kingine Baba alikuwa amekimaliza. Alikuwa ameozesha mabinti, amesomesha, amemzika mama vizuri. Lilibaki hili moja, nalo lilikuwa mimi.

"Twende kabla ya mvua," aliniambia siku ya tatu tu baada ya kuja. Pale nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu marehemu mama alitoka upande wa Mlima Kenya. Alikuja Kisumu kuuza nguo, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha yeye na Baba. Dholuo Baba alikitoa akitaka kukemea au kubembeleza. "Twende, nyathina," aliongeza, yaani mwanangu. "Ni asubuhi moja tu. Nikishakutoa, nirudi kwa hizi dawa zenu."

"Upate nguvu kwanza, Baba."

"Nguvu iko. Si naenda duka kila siku na narudi?"

Na alikuwa akienda kweli. Kila asubuhi alivaa kofia, akaenda mpaka dukani kununua gazeti, akipishana na bodaboda kwenye ile njia yetu nyembamba, akarudi na jasho usoni. Nilimpigia dada simu. Dada akasema kutembea kwenye umande wa Asembo na koo lile ni kumuua, na kliniki ni Jumanne, na mwambie angoje apone. Nikarudi ndani nikamwambia Baba angoje apone. Nililitamka lile neno, apone, nikimtazama machoni, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Ndipo nikaanza kumchora. Nilimwambia nina kazi ya mtu wa Milimani na nahitaji mzee wa kukaa tu.

"Kukaa tu?" alisema. "Hiyo kazi naweza."

Nilipigilia karatasi ya kaki kwenye kipande cha plaiwudi, nikachagua makaa membamba jikoni kwa mke wangu. Kwenye picha za mazishi huwa naanza na miraba. Napiga mistari juu ya kile kipicha, napiga mingine mikubwa kwenye turubai, halafu nahamisha sura kisanduku kwa kisanduku, pua hapa, sikio pale. Ukifanya hivyo hukosei, na mtu anatoka amekakamaa kama sanamu ya dukani. Kwa Baba sikupiga mraba hata mmoja. Nilianza pale uzito wake ulipokalia kiti, nikapanda juu. Mstari nilioukosea sikuufuta, nilipiga mwingine juu yake kwa nguvu zaidi. Nilisugua kwa kidole gumba, nikakwaruza kwa wembe mpaka karatasi ikatoka nyuzi. Makaa yalivunjika nikachukua mengine. Sikuwa nachora uso. Nilikuwa nachora jinsi shati lilivyokuwa limeanza kumkataa, kola imesimama peke yake na shingo iko mbali ndani yake, na ile mikono iliyotulia magotini kwa adabu wakati mwili wote uliobaki unaondoka.

Zilikuwa kazi nzuri. Ni bora niseme na hili. Sijawahi kuchora vizuri hivyo kabla wala baada. Asubuhi niliamka na hamu ya kumwona amekaa pale, na nilipoona mfupa mpya umejitokeza kwenye bega, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa furaha ya mchoraji, na uchungu wa mtoto ukaja baadaye, umechelewa, ukiwa na aibu. Nilijichukia kwa hilo na kesho yake nikafanya vile vile.

"Wewe unanichora ama unapigana na mimi?" Baba aliniuliza siku moja, maana alikuwa akisikia makaa yakigonga ubao. "Lete nione."

"Bado haijaisha."

"Hata kama haijaisha. Ni mimi, si ni mimi?"

Nikamwambia kesho. Mchana huo alipolala nilitoa kitambulisho chake cha zamani cha bandarini, nikapiga miraba. Sikuhitaji hata saa moja, mkono ulijua njia. Nilimjaza mashavu. Nilimnyanyua mabega. Nililifanya shati limtoshe, nikampa shingo ya mtu anayekula ugali wake akamaliza. Nilipomaliza nilikuwa na mzee mzuri ameketi, wa kufaa kabisa kusimama kando ya jeneza. Zile za kweli nikazisukuma nyuma ya kabati.

Asubuhi nilimwekea hiyo mbele. Aliitazama kwa muda mrefu, kichwa kikiwa kimeinama upande.

"Ai! Huyu ndio mimi?"

"Ndio wewe, Baba."

Alipandisha mkono akalishika shavu lake, akalipapasa taratibu. Kioo chetu kimoja kiko chumba cha kulala, nimekitundika kwa kimo changu, na yeye alikuwa akinyoa kwa kupapasa tu. "Mkono inaniambia kitu ingine," alisema. "Lakini mkono ya mzee ni ngozi tu. Wewe jicho ndio kazi yako." Akatikisa kichwa, ameridhika. "Basi hii dawa inafanya kazi. Kumbe dada yako anajua. Tungoje mvua ipite, nyathina. Sitaki kukanyaga hiyo kiwanja yako na miguu ya kuku, wazee wanicheke. Nikinenepa kidogo tena, tunaenda."

Hapo ndipo ningesema. Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi sana, na kila mara naona ilivyokuwa rahisi. Mlango ulikuwa umefungwa, mke wangu alikuwa sokoni, tulikuwa wawili. Ningesema, Baba, mimi nimekudanganya, vaa viatu, twende leo. Mkoba wake wa safari ulikuwa pale chini ya kiti. Nilisema, "Sawa, Baba. Mvua ikipita."

Tangu siku hiyo alitaka kuona picha kila mwezi, kama mtu anayetaka matokeo ya maabara. Nami nikawa namchorea. Kila mwezi nilimwongeza kidogo, si sana, nyama kiasi chini ya kidevu, mwanga kiasi kwenye paji. Alizitaka ukutani, nikazipanga ukutani kwa misumari, moja, mbili, tatu, nne, na Baba alikuwa akinenepa kutoka kushoto kwenda kulia. Mke wangu alikuwa amejua kila kitu kuanzia siku ya kwanza, na hakunigombeza. Jioni moja akichuja uji kwa kitambaa, maana Baba alikuwa ameacha kumeza chochote chenye chembe, aliniuliza bila kugeuka, "Utamnenepesha mpaka lini?"

Mvua zilikuja. Kwanza Baba aliacha kwenda dukani, akasema ni tope. Tope likakauka, hakwenda. Akawa anafika mlangoni tu, anashika fremu, anarudi. Halafu ikawa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, nikiwa nimemshika kwapani, na mwili wake ulikuwa mwepesi kwa namna iliyonifanya nitazame pembeni. Supu ya ngege, samaki wetu wa ziwani, aliyokuwa akiililia tangu alipokuja, sasa aliinusa tu na kuirudisha.

"Hii vidonda ni kali," alikuwa akisema.

"Ndiyo, ni kali."

Mara tatu nilijaribu kumwambia. Mara ya kwanza nilianza, "Baba, kuna jambo," akaniinulia uso akisubiri, nami nikamuuliza kama anataka chai. Chai hakuweza kuimeza tangu juzi yake na sote wawili tulijua. Mara ya pili nilimpigia dada kumwambia nasema leo, akalia kwenye simu mpaka nikaahidi kunyamaza. Mara ya tatu sikufika hata kwenye jambo. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake nikaanza kumkata kucha.

Mwezi wa Juni wakili wa Milimani alinipigia. Alikuwa karibu, angependa kuona kazi imefika wapi. Kati ya chumba chetu cha mbele na cha kulala kuna pazia tu. Nilimhamisha Baba pamoja na kiti chake hadi upande wa kitanda, nikavuta pazia, nikamwambia kuna mgeni wa dakika tano. Mama yule aliingia akiwa ameinama kwa mlango, akatazama huku na huku. Kando ya ukuta kulikuwa na picha mbili za mazishi zinakauka, wanaume wawili wamevaa tai. Alizitazama kwa heshima. Wale Baba wanne wanene aliwapitia haraka, na nikaona uso wake ukipoa.

"Hii ndiyo kalenda niliyokukataza," alisema.

Nilipaswa kuomba muda. Lakini nilijua nyuma ya kabati kuna nini, na kiburi changu kilikuwa kimekaa huko miezi mitano gizani. Nikaivuta ile kubwa zaidi, ya mwisho, niliyoichora mvua zilipokuwa zinaisha, nikaiegemeza kwenye meza.

Alisogea karibu, akarudi nyuma. Aliweka mkono kifuani.

"Huyu ndiye," alisema. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka, sauti ile tunayoitumia sote tukiingia kwenye boma lenye msiba. "Pole sana. Alifariki lini?"

Nyuma ya pazia kiti cha plastiki kililia.

"Bado," alisema Baba.

Sijui nilifanya nini na uso wangu. Mama yule aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mkono wa Baba ulitokea kwenye ukingo wa pazia, ukalisukuma polepole, na akaonekana pale, ukingoni mwa kiti, magoti pamoja.

"Mzee, nisamehe. Nisamehe sana, sikujua..."

"Hakuna makosa, mama. Karibu." Alikuwa akihema. "Geuza hiyo nione."

Mimi sikusogea. Ni yeye, mgeni, aliyeinyanyua ile plaiwudi na kuigeuza, kwa sababu mzee amemwomba na hakuna mtu mwingine aliyemsaidia. Baba aliinamisha kichwa upande. Nilimwona akiipitia kama alivyokuwa akipitia orodha za mizigo, juu hadi chini, hakuruka kitu.

"Hii shingo," alisema mwishowe, na akaigusa shingo yake kwa vidole viwili. "Hii ndio ile mkono imekuwa ikiniambia." Kisha akawatazama wale wanne waliopangwa ukutani. "Na hawa wamenona ni akina nani?"

Mama wa Milimani aliondoka bila picha, na sikuwahi kumpigia tena. Baba hakuuliza ugonjwa wake unaitwaje, wala hakunigombeza. Nilisubiri anigombeze kwa Dholuo kama nilipokuwa mdogo, ningeshukuru. Alisema tu, "Kesho twende Asembo. Mwambie ndugu yangu alete jogoo."

Dada alikuja, akalia, akapigana na sisi wote, na mwisho ndiye aliyepanda kiti cha mbele cha teksi akiwa na mfuko wa dawa mapajani. Tulishika barabara ya Bondo, tukakata kushoto Ndori. Baba alilala usiku huo katika nyumba yake mwenyewe. Kabla jua halijatoka tulimvisha suti ya kijivu ya kustaafu, tukamfunga suruali kwa kipande cha kamba chini ya mkanda. Baba mdogo, yaani ndugu yake anayemfuata, alikuwa mlangoni mwa boma na jogoo mwekundu, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Mke wangu alikuwa na moto kwenye kigae. Mimi nilibeba shoka. Kutoka pale kiwanja changu kinaonekana, chini kidogo kwenye mteremko, na nyuma yake ziwa. Mtu mzima anafika kabla hajamaliza kusimulia habari moja.

Baba alichukua jogoo, akamweka kwapani. Alikataa kushikwa. Alitembea hatua saba. Najua ni saba kwa sababu nilikuwa nyuma yake na sikutazama kitu kingine. Ya nane goti lilikunjika, nikaangusha shoka nikamdaka, na jogoo akapiga kelele chini yetu.

"Tumbebe," dada alisema. "Leteni kiti, tumbebe, si mbali!"

Kiti kililetwa, tukamkalisha pale njiani. Nikainama kushika miguu ya kiti. Baba mdogo akaweka mkono begani kwangu. Si mtu mkali. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Akibebwa hajakutoa," alisema. "Ni wewe umemtoa yeye. Na baba hatolewi kwa dala yake akibebwa, isipokuwa siku ile moja."

"Basi mshike wewe huyo jogoo," nikamwambia.

"Mimi? Na yeye yuko hapa anapumua?" Aliwatazama wale wazee wawili, na wao wakatazama chini. "Siwezi, mtoto wa kaka. Nitakutoa mimi baadaye. Sasa siwezi."

"Baadaye lini?" nikauliza, na neno halijamaliza kunitoka nikajua ni lini. Kila mtu pale alijua. Mke wangu alipuliza moto kwenye kigae ingawa haukuwa unazima. Nilikuwa na mikono miwili, mikono ambayo watu wanailipa, na hapakuwa na kitu chochote duniani cha kufanya nayo.

Baba alituangalia mmoja mmoja kutoka pale kitini.

"Basi ni mimi mnangoja," alisema.

Aliwaambia warudi nyumbani wakanywe chai, na wakaenda, hata dada. Nilibaki mimi, nimechuchumaa mbele yake kwenye umande. Alikuwa amemweka jogoo mapajani, anamlaza manyoya kwa kiganja. Jua lilikuwa linatoka na kiwanja changu kilionekana chote, mpaka kwenye kona ya mwisho, mahali alipokuwa amepanda mkonge mwenyewe miaka mingi nyuma ili majirani wasisogeze mpaka.

"Wewe ulijua lini?" aliniuliza.

"Januari, Baba. Siku ile ya hospitali."

"Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua."

Aliitazama ile njia ya kuteremka, akiifuata kwa macho polepole kutoka miguuni mwake hadi chini.

"Wakati huo," alisema, "nilikuwa natembea."

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Ulikuwa unatembea."